Zimwi Halipo, Limekwenda Wapi? Wanafalsafa wa Lugha na Kauli Kuhusu Visivyokuwepo

Mtoto akiogopa kutoka nje usiku, mzazi humwambia, "Zimwi halipo," na mtoto anaweza kujibu kwa swali: "Limekwenda wapi?" Swali hilo halitokani na ujinga. Katika Kiswahili tunasema hivyo hivyo juu ya mwalimu ambaye hayupo darasani, kuku ambaye hayupo bandani na sufuria ambayo haipo jikoni, na vyote hivyo, ingawa havipo hapo tulipo, vipo mahali pengine. Mtoto amelisikia zimwi likitajwa, amelikuta limekaa mahali pa kiima katika sentensi, akakubali kwamba kuna jambo limesemwa juu yake. Sasa anataka kujua kitu hicho kisichokuwepo kiko wapi. Lau mzazi angesema, "Hakuna mazimwi," swali la mtoto lisingepata pa kushika. Tofauti kati ya sentensi hizo mbili inaonekana ndogo, lakini ndani yake mna mjadala ambao wanafalsafa wa lugha wamekuwa wakiuendesha kwa zaidi ya miaka 100, na sarufi yetu inautoa mjadala huo nje kwa namna ambayo ningependa wasomaji wa Kiswahili waione.

Kwa kawaida sentensi ya maarifa hufanya kazi mbili: hutaja kitu, kisha husema jambo juu ya kitu hicho. Nikisema kwamba Ziwa Kyoga lina kina kifupi, jina hilo linamwelekeza msikilizaji kwenye maji fulani katikati ya Uganda, na maneno yanayobaki yanasema jambo ambalo mtu anaweza kwenda kulipima. Ikiwa sentensi zote hufanya kazi hivyo, basi kauli ya kukana kuwepo inajibomoa yenyewe. Ili "Zimwi halipo" iseme jambo, neno "zimwi" ni lazima lielekeze kwenye kitu. Likielekeza kwenye kitu, kitu hicho kipo na kauli ni ya uongo. Lisipoelekeza popote, hakuna kilichosemwa, na pasipo jambo lililosemwa hapana ukweli. Kwa hesabu hiyo, hakuna mtu awezaye kukana kuwepo kwa kitu chochote na akawa amesema kweli, jambo ambalo sote tunajua si sahihi. Wagiriki wa kale walikwisha kuliona tatizo hili: Parmenides alishikilia kwamba lisilokuwepo haliwezi kuwazwa wala kutamkwa, na Plato alihangaika na maneno yake kwa kurasa nyingi.

Mtu asidhani kwamba suala hili ni la hadithi za kando ya moto peke yake. Tarehe 30 Novemba 2013 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini mjini Kampala itifaki ya umoja wa fedha, iliyolenga kuzipa nchi wanachama sarafu moja ifikapo mwaka 2024. Sarafu hiyo haijatolewa, na bado wafanyabiashara wa Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wanaweza kubishana juu yake kutwa nzima: kama itaondoa hasara ya kubadilisha shilingi ya Uganda kuwa ya Kenya, kama itazinufaisha nchi kubwa kuliko ndogo, na itachapishwa wapi. Wanahistoria nao huuliza kama Wachwezi, watawala wanaotajwa katika masimulizi ya Bunyoro, waliwahi kuwepo, na wanaastronomia wa karne ya 19 walipiga hesabu za njia ya sayari ambayo haikuwepo. Kauli hizi zote zinaeleweka. Baadhi ni za kweli, nyingine za uongo, na watu wenye busara hutoa hoja za kuziunga mkono au kuzipinga. Nadharia ya lugha inayozigeuza kuwa kelele tupu imeshindwa kazi yake.

Jibu la mtoto, kwamba kitu kilichotajwa ni lazima kiwe na namna fulani ya kuwa hata kama hakipo, lina mtetezi mkubwa katika falsafa. Naye ni Alexius Meinong, aliyezaliwa mwaka 1853 na kufundisha kwa miaka mingi huko Graz, Austria. Mwalimu wake, Franz Brentano, alikuwa amefundisha mwaka 1874 kwamba kila tendo la akili huelekea kwenye kitu: anayewaza huwaza jambo, anayetamani hutamani kitu, anayeogopa huogopa kitu. Katika makala yake ya mwaka 1904, Meinong aliifuata hoja hiyo hadi mwisho. Kama ninaweza kuuwaza mlima wa dhahabu, alisema, basi mlima huo ni kitu cha mawazo yangu, na kwamba haupo hakuuzuii kuwa wa dhahabu, kwa maana jinsi kitu kilivyo hakutegemei kama kitu hicho kipo. Kwa mtazamo huu, "Zimwi halipo" inafanana kabisa na "Mwalimu hayupo": kuna kiima, na kiima hicho kinanyimwa sifa moja, sifa ya kuwepo. Nguvu ya nadharia hii ni kwamba inaichukua sarufi kama ilivyo. Udhaifu wake ulionyeshwa mapema na Bertrand Russell wa Uingereza: ikiwa mlima wa dhahabu ni wa dhahabu kwa sababu tu umeelezwa hivyo, basi mlima wa dhahabu uliopo nao upo kwa sababu hiyohiyo, na tutakuwa tumeleta milima duniani kwa maneno matupu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba pingamizi hilo limemaliza kazi. Halijaimaliza. Mwaka 1980 Terence Parsons na Richard Routley, kila mmoja kwa njia yake, walimrudisha Meinong ukumbini kwa kuzitenga sifa katika makundi mawili. Yako mambo kama kuwa wa dhahabu, kuwa mrefu au kuwa na pembe, ambayo kitu hupewa kwa kuelezwa tu. Na yako mambo kama kuwepo, kubuniwa au kutajwa na watu, ambayo hayapatikani kwa kuelezwa. Binafsi nasita kuufuata mkabala huu, kwa kuwa mstari wa kuyatenga makundi hayo huchorwa palepale ambapo tatizo lingezuka, lakini ni kosa kuusimulia kama makosa ya watu wa zamani.

Njia ya pili inapita kwenye neno "hakuna". Immanuel Kant aliandika mwaka 1781 kwamba kuwepo si sifa inayoongeza kitu kwenye dhana: talari 100, sarafu za Ujerumani ya zamani, zilizomo mfukoni hazina hata senti moja zaidi ya talari 100 za kuwazwa, ingawa tofauti kwa mwenye mfuko ni kubwa. Gottlob Frege wa Ujerumani aliipa hoja hiyo umbo la mantiki mwaka 1884. Alitoa mfano wa sayari ya Zuhura, ambayo haina mwezi hata mmoja. Nikisema kwamba Zuhura ina miezi 0, hakuna mwezi wowote ninaousema. Ninaloliongelea ni wazo la "mwezi wa Zuhura", na ninasema juu yake kwamba hakuna kitu kinachoingia humo. Kukana kuwepo, kwa Frege, ni kutaja idadi, na idadi yenyewe ni sifuri.

Sasa tulitazame neno letu. "Hakuna" limejengwa kwa ukanushi *ha-*, kiambishi cha mahali *-ku-*, na *-na* ya kumiliki. Kiima cha sentensi "Hakuna mazimwi" si mazimwi; kiima ni mahali, na kinachosemwa ni kwamba mahali hapo, yaani ulimwengu wote kwa upana wake, hapana kitu cha aina hiyo. Luganda hufanya vivyo hivyo kwa "tewali", neno ambalo nalo limebeba kiambishi cha mahali. Lugha zetu zimemwondoa zimwi kwenye kiti cha kiima na kuuweka ulimwengu mahali pake. Ulimwengu upo bila shaka, kwa hiyo sentensi inataja kitu, inasema jambo juu yake, na jambo hilo ni kweli. Mtoto hana tena anachoweza kukitafuta. Sisemi kwamba sarufi imethibitisha falsafa, maana lugha hiyohiyo inayotupa "hakuna" inatupa pia "halipo". Ninasema tu kwamba wazo ambalo Frege alilifikia kwa kazi ngumu linakaa katika neno ambalo sisi hulitamka mara nyingi kila siku.

Dhana za jumla kama zimwi zinatulia kwa dawa hiyo. Maneno yanayodai kumtaja mmoja tu hayatulii kwa urahisi namna hiyo, na hapo ndipo makala ya Russell ya mwaka 1905 ilipobadilisha mkondo wa falsafa ya lugha. Mfano wake uliopata umaarufu ni mfalme wa sasa wa Ufaransa, nchi ambayo haikuwa na mfalme. Nitautumia wa kwetu. Tarehe 5 Juni 1963 Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitangaza mjini Nairobi nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki, na mkataba wa Jumuiya ya sasa, uliotiwa saini mwaka 1999, unalitaja shirikisho la kisiasa kama shabaha ya mwisho. Shirikisho hilo bado halijaundwa, kwa hiyo halina rais. Basi tuichukue sentensi hii: "Rais wa sasa wa Shirikisho la Afrika Mashariki ana upara." Tukiorodhesha watu wote wenye upara, hatumkuti humo; tukiorodhesha watu wote wasio na upara, hatumkuti pia. Je, kanuni ya kale ya mantiki kwamba kauli ama ni ya kweli au kinyume chake ndicho kweli, imevunjika?

Russell alijibu kwamba maneno "Rais wa sasa wa Shirikisho" yanaonekana kama jina, lakini hayafanyi kazi ya jina. Sentensi nzima inadai mambo matatu kwa pamoja: kwamba yupo angalau mtu mmoja aliye rais wa shirikisho hilo, kwamba hawazidi mmoja, na kwamba yeyote aliye rais huyo ana upara. Dai la kwanza ni la uongo, hivyo sentensi nzima ni ya uongo, na hatukuhitaji kumtafuta mtu asiyekuwepo ili tuihukumu. Na tukisema "Rais wa sasa wa Shirikisho hana upara"? Hapa Russell aligundua kwamba sentensi ina maana mbili, kutegemea ukanushi umeenea mpaka wapi. Ikiwa tunamaanisha kwamba yuko mtu mmoja aliye rais wa shirikisho, naye hana upara, tumesema uongo kwa mara ya pili. Ikiwa tunamaanisha kwamba si kweli kuwa yuko rais wa shirikisho mwenye upara, tumesema kweli. Kanuni ya mantiki imesalimika, kwa sababu kinyume halisi cha sentensi ya kwanza ni maana hii ya pili. Kiswahili kinaziweka maana hizo mbili katika maumbo tofauti tukitaka: "hana upara" huubana ukanushi kwenye kitenzi, na "si kweli kwamba" au "hakuna rais wa shirikisho mwenye upara" huutandaza juu ya sentensi nzima.

Kuna jambo moja hapa ambalo msomaji wa Kiswahili analiona upesi. Russell aliijenga hoja yake juu ya kineno kidogo cha Kiingereza kinachotangulia nomino kuonyesha kwamba inatajwa ile moja mahususi, na Kiswahili hakina kineno hicho. Tunaposema "rais wa shirikisho", dai la kwamba ni mmoja halitokani na neno lolote. Linatokana na ujuzi wetu kwamba cheo hicho hushikwa na mtu mmoja. Kwa maoni yangu hili haliharibu uchambuzi wa Russell, ila linaonyesha kwamba uchambuzi huo unahusu kile ambacho msemaji anadai, wala haukufungwa katika maneno ya lugha moja.

P. F. Strawson, naye wa Uingereza, alimpinga Russell mwaka 1950 kwa kuuliza jinsi watu wanavyojibu hasa. Mtu akikuambia kwa dhati kwamba rais wa sasa wa Shirikisho la Afrika Mashariki ana hekima, hutamjibu, "Huo ni uongo." Unamjibu, "Rais gani? Shirikisho gani?" Kuwepo kwa rais, alisema Strawson, si sehemu ya kinachodaiwa, ni jambo linalotangulizwa, kama msingi unavyotangulia nyumba, na pasipo msingi hakuna nyumba ya kuihukumu kuwa nzuri au mbaya. Kauli hiyo basi si ya kweli wala ya uongo. Hoja hii inavutia, na wanaisimu wanaichunguza mpaka leo, lakini haituelezi kila tunachokisikia masikioni. Mtu akidai kwamba jana alikula chakula cha mchana Entebbe na rais wa Shirikisho la Afrika Mashariki, hatusiti kusema kwamba ametudanganya. Strawson mwenyewe alikubali mwaka 1964 kwamba mifano ya namna hiyo inasikika kuwa ya uongo. Tena, nadharia yake inayumba mahali tulipoanzia, kwa sababu kauli "Rais wa Shirikisho hayupo" ingekuwa inatanguliza kuwepo kwa mtu yuleyule inayemkana.

Majina ya pekee ndiyo yenye taabu kubwa zaidi. Russell alidhani kwamba jina la kawaida ni mkato wa maelezo, na W. V. Quine wa Marekani aliisukuma hoja hiyo mbele mwaka 1948. Chukua jina Wamara. Katika masimulizi ya Bunyoro, Wamara ndiye mtawala wa mwisho wa Wachwezi, aliyemfuata Ndahura, kabla ya watu hao kutoweka. Baadhi ya wanahistoria waliwaona Wachwezi kama watawala halisi na kuwahusisha na mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, karibu na mto Katonga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10. Wengine wanawaona kama miungu ambayo baadaye ilivikwa vazi la wafalme. Kwa Russell, swali "Je, Wamara alikuwepo?" huwa ni swali kama alikuwepo mtu mmoja aliyekuwa mtawala wa mwisho wa Wachwezi. Swali linaeleweka kabla hatujalijibu, na hiyo ni faida kubwa, maana mwanahistoria hawezi kusubiri kumpata Wamara ndipo ajue anachokiuliza.

Lakini je, jina kweli ni mkato wa maelezo? Saul Kripke alikana jambo hilo katika mihadhara yake ya Princeton mwaka 1970, na mfano wa kulielewa tunao Jinja. Wako wanafunzi wengi ambao jambo pekee wanalolijua juu ya John Hanning Speke ni kwamba alikuwa mtu wa kwanza kuona chanzo cha Nile. Maelezo hayo si ya kweli juu yake: Speke alifika hapo mwaka 1862, na Wasoga walikuwa wakivua samaki katika maji hayo vizazi na vizazi kabla hajazaliwa. Kama jina "Speke" lingekuwa mkato wa maelezo hayo, basi mwanafunzi anapolitamka angekuwa anamtaja mtu fulani wa kale ambaye hatujui hata jina lake. Kwa wazi hamtaji huyo. Anamtaja Speke, na anakosea juu yake. Kripke alisema kwamba jina hufika kwa mwenyewe kwa njia ya mnyororo: mtu hupewa jina, waliokuwepo hulipokea, wao huwapa wengine, na kila anayelipokea hukusudia kulitumia kwa yuleyule ambaye aliyempa alikuwa akimtaja. Maelezo yanaweza kupotoka njiani bila mnyororo kukatika.

Abunuwasi wa hadithi zetu anaonyesha uzuri wa wazo hili na ugumu wake. Kila aliyekua akisikiliza hadithi za Kiswahili anamjua kama mjanja aliyeazima sufuria, akairudisha pamoja na ndogo akidai imezaa, na baadaye akamwambia mwenyewe kwamba imekufa. Nyuma ya jina hilo yuko mtu halisi, Abu Nuwas, mshairi wa Kiarabu wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, na ambaye sifa yake kubwa ni mashairi ya mvinyo. Tukilifuata jina nyuma, mnyororo unatufikisha kwake. Je, tuseme basi kwamba Abunuwasi alikuwepo, ila mambo karibu yote tunayoyasimulia juu yake ni ya uongo? Au tuseme kwamba wasimulizi waliliazima jina la mshairi wakampa mtu mpya waliyembuni? Nadhani jibu linategemea kama wasimulizi walikusudia kuendelea kumtaja mtu yule au walikwisha kumwacha, na makusudi hayo huenda yalibadilika polepole bila mtu yeyote kuamua. Nadharia ya mnyororo inatuambia mahali pa kutazama. Haituambii tutakachokiona.

Mfano unaonigusa zaidi uko magharibi mwa nchi yetu, Uganda. Katika karne ya 2, mwanajiografia Ptolemy wa Alexandria aliandika juu ya milima yenye theluji inayolisha maziwa ya Nile, Milima ya Mwezi. Kwa karne nyingi wachoraji wa ramani waliinakili bila kuiona. Mwaka 1888 Henry Morton Stanley aliiona theluji ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, akaitangaza kuwa ndiyo Milima ya Mwezi ya kale, na leo jina hilo limeandikwa mpaka kwenye mabango ya utalii. Lakini Rwenzori haikai pale Ptolemy alipoiweka milima yake, na wako wasomi wanaofikiri kwamba habari zake zilitokana na milima mingine. Kwa nadharia ya maelezo, tungeuliza ni milima ipi inayolingana vizuri zaidi na maneno yake: theluji, maziwa, Nile. Kwa nadharia ya Kripke, kulingana hakutoshi. Swali ni kama habari zilizofika Alexandria zilianzia kwa watu walioiona Rwenzori, zikapita midomo kwa midomo hadi pwani na kuvuka bahari. Ikiwa ndivyo, Ptolemy aliitaja Rwenzori hata kama aliikosea mahali. Ikiwa sivyo, Milima ya Mwezi ya Ptolemy haikuwa Rwenzori kamwe, na Stanley alichukua jina lililokuwa halina mwenyewe, au lililokuwa la milima mingine, akaipa milima hii ambayo wenyeji walikuwa na jina lao kwa ajili yake.

Afrika Magharibi walikuwa na milima ambayo haikupata bahati hiyo. Milima ya Kong iliwekwa kwenye ramani ya James Rennell mwaka 1798, ikarudiwa katika ramani nyingi za karne ya 19, mpaka Louis-Gustave Binger alipopita huko katika safari yake ya 1887 hadi 1889 na kukuta haipo.

Hapa nadharia ya mnyororo inadaiwa jibu. Mwaka 1859 Urbain Le Verrier wa Ufaransa, ambaye hesabu zake zilikuwa zimewezesha sayari ya Neptuni kuonekana mwaka 1846, alitumia njia hiyohiyo kueleza kasoro katika mwendo wa Utaridi. Alidai kwamba pana sayari nyingine karibu zaidi na jua, nayo ikapewa jina Vulcan. Watu waliitafuta kwa darubini, na wako waliodai kuiona, mpaka Albert Einstein alipoonyesha mwaka 1915 kwamba kasoro hiyo, ya sekunde 43 za pembe kwa karne, inatokana na jinsi mvutano wenyewe unavyofanya kazi. Kama kazi yote ya jina ni kufika kwa mwenye jina, "Vulcan" haifanyi kazi yoyote, na "Vulcan haipo" ingekuwa na tundu mahali pa kiima. Keith Donnellan alipendekeza mwaka 1974 kwamba tuufuate mnyororo nyuma: ukiishia kwenye kizuizi, yaani mahali ambapo jina liliingia kwa kosa au kwa kubuniwa bila kitu nyuma yake, basi kauli ya kukana ni kweli. Hiyo inatuambia lini kauli ni kweli, ila haituambii inasema nini. David Braun alilikubali tundu hilo mwaka 1993, akasema kwamba kauli inaweza kuwa na nafasi tupu na bado ikahukumiwa. Nathan Salmon alikwenda upande mwingine: Le Verrier, bila kukusudia, aliumba kitu cha kinadharia, na Vulcan ni jina la kitu hicho, ambacho kipo lakini si sayari.

Fikra ya Salmon inaeleweka vizuri zaidi katika fasihi. Mwaka 1966 Okot p'Bitek alichapisha Song of Lawino, shairi refu ambamo Lawino, mwanamke wa Kiacholi, anamlalamikia mumewe Ocol kwa kuzidharau mila zao. Kauli "Lawino ni mke wa Ocol" ni sahihi, na kauli "Lawino ni mke wa Obote" si sahihi. David Lewis alieleza mwaka 1978 kwamba kauli kama hizo hubeba kiambatisho kisichotamkwa, "kwa mujibu wa hadithi", na kiambatisho hicho hubadilisha swali: hatuulizi tena dunia yetu ikoje, tunauliza dunia ambamo hadithi inasimuliwa kama jambo la kweli ingekuwaje. Kauli "Lawino aliumbwa na Okot p'Bitek" haitibiki hivyo, kwa maana ndani ya shairi Lawino alizaliwa na mama yake. Ni kwa ajili ya kauli za namna hii kwamba Peter van Inwagen mwaka 1977, na Amie Thomasson mwaka 1999, walisema kwamba wahusika wapo kweli kama vitu vilivyotengenezwa, mfano wa sheria au katiba: havishikiki kwa mkono, vina tarehe ya kuanza, na vinamtegemea mtungaji na wasomaji. Bei ya jibu hilo ni kwamba "Lawino hayupo" inakuwa ya uongo ikichukuliwa neno kwa neno, na watetezi wake husema kwamba tunachomaanisha ni kuwa hakuna mwanamke wa nyama na damu aliye Lawino. Tazama jinsi wanavyolazimika kukimbilia "hakuna" ili kuiokoa "hayupo".

Limebaki fundo moja ambalo sijaona likifunguliwa na yeyote kwa namna inayoniridhisha. Peter Geach alilifunga mwaka 1967, nami nalihamishia kijijini kwetu. Tuseme uvumi umeenea kwamba mchawi anazunguka. Mukasa anaamini kwamba mchawi amemuua ng'ombe wake, naye Okello, anayekaa ng'ambo ya kilima, anajiuliza kama mchawi huyohuyo ndiye aliyeiharibu mihogo yake. Mimi ninayeripoti siamini kwamba kuna mchawi, na ripoti yangu inaweza kuwa kweli tupu. Neno "huyohuyo" linamrejea nani? Siwezi kuanza kwa kusema "Yuko mchawi ambaye...", kwa sababu nitakuwa nimekubali nisichokikubali. Siwezi pia kusema kwamba Okello anamfikiria mchawi ambaye Mukasa anaamini alimuua ng'ombe, kwa kuwa Okello anaweza asimjue Mukasa wala asijue kwamba ng'ombe amekufa. Alichosikia ni uvumi tu, sokoni. Mfuasi wa Meinong atasema kwamba yuko mchawi mmoja asiyekuwepo, na wote wawili wanamwaza yeye. Salmon atasema kwamba kijiji kimemuumba mchawi wa uvumi. Wengine wanataka tuutazame mnyororo wa uvumi wenyewe na kuridhika kwamba mawazo ya watu hao wawili yana chimbuko moja, lakini watu wawili wanaweza kuanza na uvumi mmoja na kuishia kuwaza wachawi wawili, na hatuna kipimo cha kutuambia ni wakati gani mchawi asiyekuwepo wa Mukasa amekoma kuwa huyohuyo asiyekuwepo wa Okello.